Ushahidi Kando ya Kitanda: Maswali Ambayo Wauguzi Huniuliza Kuhusu Utafiti

Nafundisha wauguzi na wakunga mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Busia, ambako wodini Kiswahili husikika sawa na Kisamia, Kiteso na Kiganda. Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa stashahada, kwa wauguzi wa vituo vya afya vya daraja la tatu na la nne, na kwa wale waliorudi shule baada ya miaka mingi kazini wakakuta somo la utafiti linawasubiri. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu darasani.

Huduma inayozingatia ushahidi maana yake nini?

Ni kumhudumia mgonjwa kwa kuunganisha mambo matatu: ushahidi bora uliopo kutokana na utafiti, ujuzi wako wa kazi, na hali na matakwa ya mgonjwa mwenyewe. Maelezo haya yalienea baada ya daktari David Sackett na wenzake kuyaandika mwaka 1996. Wanafunzi wengi hushika la kwanza wakasahau mawili yanayofuata. Ukimwambia mama arudi kliniki kila wiki kwa sababu utafiti umesema hivyo, na nauli ya bodaboda hana, hujamhudumia bado.

Hiyo si kazi ya madaktari?

Daktari huandika dawa akaondoka. Anayekesha na mgonjwa ni wewe, na mengi unayoyafanya usiku huo hayakuandikwa na daktari: namna ya kumgeuza, wakati wa kubadilisha kanula (kile kimrija cha plastiki kinachokaa mshipani kupitisha dripu na dawa), jinsi ya kusafisha kitovu, lini mtoto wa kilo moja na nusu awekwe kifuani kwa mama. Kila tendo kati ya hayo lina ushahidi wake, mzuri au mbaya.

Tena fani yetu ilianza na hesabu. Florence Nightingale alikwenda kuwahudumia askari wa Uingereza katika Vita vya Crimea mwaka 1854, akahesabu vifo, akaonyesha kwa michoro kwamba askari wengi waliuawa na magonjwa ya uchafu kuliko majeraha ya vita. Miaka michache kabla yake, mwaka 1847, Ignaz Semmelweis aliwalazimisha madaktari wa wodi ya wazazi mjini Vienna kunawa mikono kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili mwaka huo, akina mama 18 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kufikia Juni walikuwa 2. Wenzake hawakumwamini, na wanawake wakaendelea kufa kwingineko kwa miaka mingi.

Kuna mfano wa hapa kwetu?

Upo, na kwangu unazidi yote. Nitauelezea kwa kirefu kwa sababu anayeuelewa huu hahitaji tena kushawishiwa.

Nilipoanza kazi katika wodi ya watoto, tulifundishwa hivi. Mtoto ameletwa na homa kali, anapumua kwa shida, miguu ya baridi. Unabonyeza ukucha wake mpaka uwe mweupe, unaachia, unahesabu: moja, mbili, tatu. Damu ikichelewa kurudi, mzunguko wake umelegea, kwa hiyo unafungulia dripu yote, maji yaingie haraka ndani ya saa moja. Nilifanya hivyo mara nyingi. Nakumbuka kidole changu kikisukuma lile gurudumu dogo la plastiki hadi mwisho, matone yakageuka mchirizi, na mama amesimama upande wa pili wa kitanda akiniangalia usoni. Baada ya muda mtoto alichangamka kidogo, mikono ikapata joto, nami nikamwambia, "Mama, anapata nafuu." Wengine walipona. Wengine walikufa kabla ya mapambazuko, na sote tukasema ugonjwa ulikuwa mkali.

Kati ya mwaka 2009 na 2011 watafiti waliuliza jambo ambalo sisi hatukuuliza: maji haya ya haraka husaidia kweli? Utafiti huo unaitwa FEAST. Ulifanyika katika hospitali sita za Afrika Mashariki, nne kati yake za Uganda: Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa maji ya chumvi haraka, la pili maji ya albumini (protini ya damu) haraka, na la tatu lilipewa dripu ya polepole tu, pamoja na damu kwa aliyeihitaji. Wote walipata dawa zile zile na uangalizi ule ule.

Baada ya saa 48, waliokufa katika makundi ya maji ya haraka walikuwa asilimia 10.6 kwa albumini na asilimia 10.5 kwa chumvi. Katika kundi la dripu ya polepole walikuwa asilimia 7.3. Maana yake, katika kila watoto 100 waliopewa maji haraka, watatu zaidi walikufa. Kamati iliyokuwa ikifuatilia takwimu iliagiza utafiti usimamishwe Januari 2011.

Hapa ndipo nataka msomaji atue. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba baada ya saa moja, watoto waliopewa maji haraka walikuwa wametoka kwenye hali ya mshtuko, yaani ule mzunguko wa damu uliolegea, kwa wingi zaidi: asilimia 43, dhidi ya 32 kwa wenzao. Kwa hiyo nafuu niliyoiona kando ya kitanda ilikuwa ya kweli. Nilichokosa ni mtoto wa kulinganisha naye, na macho ya kufuatilia hadi kesho kutwa. Na waliozidi kufa hawakuuawa na maji kujaa mapafuni kama wengi tulivyodhani, bali na moyo na mzunguko wa damu kushindwa saa chache baadaye. Hakuna muuguzi, hata awe na uzoefu wa miaka 40, ambaye angeweza kuligundua hilo peke yake wodini.

Kwa hiyo niache kuwapa watoto maji?

Tafadhali, la hasha! Nimewahi kumsikia muuguzi akisema "utafiti umekataza dripu kwa watoto" huku mbele yake kuna mtoto wa kuhara aliyekauka, macho yamezama. FEAST haikuwahusisha watoto wa kuhara, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kuumia. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara anahitaji maji, na mpango C, ule wa kumrudishia maji haraka aliyekauka sana, uko pale pale. Kwa watoto wenye homa na mzunguko dhaifu, Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake mwaka 2016: asiye na dalili zote za mshtuko asipewe maji ya haraka, na mwenye dalili zote apewe kwa kiasi na kwa uangalizi. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wasome kwanza nani aliingizwa katika utafiti na nani aliachwa, kabla ya kukimbilia matokeo.

Ushahidi upi una uzito zaidi?

Kwa swali la "tiba hii inafanya kazi?", juu kabisa yapo mapitio yanayokusanya tafiti zote nzuri kuhusu swali moja na kuzichambua kwa pamoja, kama yanayochapishwa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya. Yanafuatiwa na majaribio ya bahati nasibu, kisha tafiti zinazofuatilia watu bila kuwagawa, kisha taarifa za mgonjwa mmoja mmoja, na mwisho maoni ya mtaalamu.

Ngazi za chini zisidharauliwe. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliouona kwa watoto. Hakuwa na jaribio lolote, alikuwa na macho makini na daftari, na saratani hiyo leo inaitwa kwa jina lake duniani kote.

Na utafiti wa maelezo, ule usio na takwimu, nao ni ushahidi?

Ndiyo. Jaribio la bahati nasibu haliwezi kukuambia kwa nini mama alijifungulia nyumbani wakati kituo kiko umbali wa kilomita mbili. Inabidi ukae naye, umuulize, unyamaze, usikilize. Huenda akakuambia kuwa mara ya mwisho muuguzi alimfokea mbele ya watu. Jibu hilo halina asilimia, lakini linakuonyesha pa kurekebisha.

Nitaundaje swali zuri la utafiti?

Kwa sehemu nne, zile wanafunzi wanazoziita PICO: mgonjwa wa aina gani, tendo gani, likilinganishwa na nini, kwa matokeo gani.

Mfano ninaoupenda ni wa kanula. Wodi nyingi hubadilisha kanula kila baada ya siku tatu hata kama mshipa uko salama. Mtoto anachomwa upya, analia, na mara nyingi mzazi ndiye anayetumwa famasi kununua nyingine. Basi swali liwe hivi: kwa mgonjwa mwenye kanula mkononi, je, kuiondoa pale tu dalili zinapojitokeza, kukilinganishwa na kuibadilisha kwa ratiba, kunaongeza uvimbe wa mshipa au maambukizi?

Utaona jinsi swali lililobanwa hivi linavyotafutika. Jaribio kubwa la Australia lililochapishwa mwaka 2012, lenye wagonjwa 3,283, lilikuta uvimbe wa mshipa ni asilimia 7 katika makundi yote mawili. Ukiishia hapo utasema ratiba haina maana. Lakini hospitali za chuo kikuu cha Geneva zilipoacha ratiba, maambukizi ya damu yaliongezeka, na taarifa yake ikatoka mwaka 2021. Mimi nasoma hayo mawili pamoja hivi: kuacha ratiba kunategemea kanula ikaguliwe kila zamu, kwa macho na kwa kidole, na kuandikwa. Wodi yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa 50 usiku ijiulize kama ukaguzi huo unafanyika kweli. Na mpaka mwongozo wa kituo chako ubadilishwe, ufuate.

Nitafute wapi, na bando ni ghali?

Anza na kitabu kilichopo wodini: Mwongozo wa Matibabu wa Uganda unaotolewa na Wizara ya Afya, toleo la 2023. Angalia mwaka kwenye jalada, kwa sababu bado nakutana na toleo la 2016, hata la 2012, mezani. Kisha PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za afya, ambayo muhtasari wake ni bure. Hinari, iliyoanza mwaka 2002, huzipa taasisi za nchi kama yetu majarida yanayouzwa ghali kwingineko. Mkutubi wa chuo ndiye mwenye nenosiri, mwendee. Maktaba ya Cochrane iko wazi kwa anayeifungulia Uganda. Jarida la African Health Sciences la Makerere nalo ni bure, na lina tafiti za wodi zinazofanana na zako.

Ujumbe uliosambazwa kwenye kundi la WhatsApp si chanzo, hata ukiwa umetumwa na daktari bingwa. Muulize utafiti wenyewe uko wapi.

Nikisoma makala, takwimu zinanitisha. Nianzie wapi?

Tuendelee na FEAST, maana tayari unaifahamu. Waandishi wanasema hatari ya kufa ndani ya saa 48 kwa maji ya haraka ilikuwa mara 1.45 ya wenzao, masafa ya uhakika 1.13 hadi 1.86, p ni 0.003.

Mara 1.45 ni kusema kwamba hatari iliongezeka kwa karibu nusu. Masafa yanakuambia ukweli unaweza kuwa wapi: kwa uchache 1.13, kwa wingi 1.86. Moja ndiyo alama ya "hakuna tofauti". Hapa masafa yote yako juu ya moja. Kama yangeanzia 0.9, usingeweza kusema kwa uhakika kwamba kuna madhara. Na p ya 0.003 maana yake ni hii: kama kweli maji hayana tofauti yoyote, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingejitokeza kwa bahati tu kama mara 3 katika majaribio 1,000.

Kisha jihadhari na asilimia. Jaribio lililolinganisha artesunati na kwinini kwa watoto 5,425 wa Afrika wenye malaria kali, Mbarara ikiwemo, lilichapishwa mwaka 2010. Vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa artesunati na 10.9 kwa kwinini. Unaweza kusema vifo vilipungua kwa asilimia 22.5, au kwamba watoto wawili hadi watatu waliokolewa katika kila 100. Zote ni kweli, lakini ya pili ndiyo unayoweza kuiona wodini kwako.

Utafiti wa nchi nyingine unatuhusu?

Wakati mwingine, na si suala la Uzungu na Uafrika. Dawa ya kupaka kitovu, klorheksidini, ilipunguza vifo vya watoto wachanga katika majaribio ya Nepal, Bangladesh na Pakistan. Wengi tukafurahi. Majaribio ya Zambia na Pemba yaliyotoka mwaka 2016 hayakuonyesha upungufu wa vifo ulio wazi. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kitovu kiachwe kikavu na kisafi, na klorheksidini itumike pale ambapo watu wamezoea kupaka vitu vya hatari kama kinyesi cha mifugo. Kwa hiyo kabla ya kupendekeza lolote, muulize bibi wa mtoto wanapaka nini nyumbani. Muulize kwa heshima, maana akihisi unamcheka atakuambia "hatupaki kitu."

Mkuu wa wodi hataki kusikia. Nifanye nini?

Usimsahihishe mbele ya wagonjwa wala mbele ya wanafunzi. Subiri makabidhiano yaishe, mwendee ukiwa na karatasi moja. Mwambie: "Sista, naomba unisaidie kuelewa. Mwongozo mpya unasema hivi, sisi tunafanya vile. Kuna sababu ambayo mimi siijui?" Mara nyingine sababu ipo kweli: dawa haiji, mashine imeharibika. Mara nyingine hakuna, naye mwenyewe ataanza kufikiri. Omba mjaribu kwa mwezi mmoja na mhesabu pamoja. Niliwahi kunyamazishwa katika hospitali moja kwa maneno "wewe umekuja jana tu", na najua yanavyouma. Hata hivyo kuuliza si utovu wa adabu, na kwa mgonjwa ni haki yake sisi tuulize.

Kuhesabu rejista ya wodi nako ni utafiti? Nahitaji kibali?

Ukipima kama wodi yenu inafuata mwongozo, ili mrekebishe humo humo, huo ni ukaguzi wa ubora, na kwa kawaida ruhusa ya uongozi inatosha. Ukitafuta maarifa mapya ya kuwatangazia wengine, huo ni utafiti: unapeleka pendekezo kwa kamati ya maadili, na tafiti zinazohusu watu husajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda. Ukiwa na shaka, iulize kamati kabla ya kugusa faili hata moja. Ukishakusanya taarifa, kibali hakirudi nyuma.

Ridhaa si sahihi tu kwenye fomu?

Hapana. Kati ya mwaka 1932 na 1972 huko Tuskegee, Marekani, wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa wala kuambiwa ukweli, hata baada ya penisilini kupatikana. Wauguzi walikuwemo katika kazi hiyo. Azimio la Helsinki la 1964 na kanuni zilizofuata zinatudai tumweleze mtu kwa lugha anayoielewa, tumwachie nafasi ya kukataa, na tumhakikishie kwamba akikataa atatibiwa vile vile. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi wake ndipo aweke kidole gumba.

Dharura ina utaratibu wake. Katika FEAST mzazi mwenye mtoto mahututi alielezwa kwa ufupi na kukubali kwa mdomo, kisha akaletewa maelezo kamili mtoto alipotulia. Hilo liliidhinishwa na kamati kabla ya kuanza; hakuna aliyejiamulia wodini.

Kila mtu anaandika sampuli ya 384. Nami niandike hivyo?

Namba hiyo hutoka kwenye fomula inayokisia kwamba nusu ya watu wana jambo unalolipima, na unakubali kukosea kwa asilimia 5 juu au chini. Kama kliniki yako inaona akina mama 60 kwa mwezi, na una miezi miwili, 384 utawatoa wapi? Tumia marekebisho ya jamii ndogo, yaani hesabu inayopunguza sampuli pale watu wote unaowalenga ni wachache, au wahoji wote waliokuja. Mtahini mzuri atakuuliza namba imetokaje, na kujibu "wenzangu wote walitumia" kumewagharimu wengi.

Nikimaliza, matokeo nimpelekee nani?

Nakala ya chuo itakaa kwenye kabati. Andika ukurasa mmoja mwingine, herufi kubwa, jedwali moja, lugha ya wodini. Mwanafunzi wangu mmoja alikagua kanula 70 na kuandika ngapi zilikuwa na tarehe kwenye plasta. Ukurasa wake ulibandikwa juu ya sinki la chumba cha wauguzi, pale ambapo kila mtu husimama akinawa mikono, na chini yake akafunga kalamu kwa uzi wa bandeji ili asiwepo wa kusema amekosa cha kuandikia tarehe.